Silinda Inayong'aa Kama Kioo Si Dawa ya Pampu

Huku Garsen tulitembelea kikundi kimoja kilichochanga pesa kutengeneza injini ya pampu ya kuvuta maji ya Mto Tana. Fundi aliweka ringi mpya, na silinda akaisugua kwa msasa laini mpaka ikang'aa kama kioo. Wote walimsifu, na sisi tukiwemo! Wiki chache baadaye injini ikawa inakula oili na kutoa moshi wa bluu, na mahindi yakaanza kunyauka.

Kosa lilikuwa wapi? Mkichinja mbuzi, fungueni goti lake. Ile gegedu nyeupe mwisho wa mfupa hutuonekea laini kabisa, kumbe ina vitundu vidogo sana vinavyoshika majimaji. Mbuzi akikanyaga, majimaji hubanwa yakatoka palepale panaposuguana. Ndiyo maana goti hufanya kazi miaka yote bila kupakwa grisi!

Silinda nayo yataka mahali pa kuweka oili. Kwa hiyo viwandani ukuta wake hukwaruzwa mistari myembamba ya mshazari inayokatana, kama mkeka uliosukwa. Oili hukaa ndani ya mistari hiyo. Tena ringi mpya zahitaji ukwaru huo kidogo ili zikae sawasawa na ukuta. Zisipokaa, oili hupanda juu na kuungua, na ndio ule moshi.

Miaka ya 1990 Profesa Izhak Etsion wa Israeli na wenzake walianza kutoboa vishimo kwa leza kwenye vyuma vinavyosuguana, upana wa kila kimoja karibu na unene wa unywele, ili vihifadhi oili. Sisi hatuhitaji leza. Mwambieni fundi atumie mawe ya kukwaruzia yanayozunguka, huku akiyapandisha na kuyashusha, mistari ikatane. Mikwaruzo mirefu ya juu hadi chini ni jambo lingine: hiyo mara nyingi ni vumbi limeingia, basi angalieni filta ya hewa. Silinda iliyolika sana haiponi kwa kukwaruzwa.

Kazi ikiisha, osheni silinda kwa maji moto na sabuni, maana dizeli peke yake huacha unga wa mawe. Kausheni, kisha pangusa kwa kitambaa cheupe chenye oili mpaka kitoke safi. Halafu ipeni injini mzigo wa kuvuta maji. Msiiache ikinguruma bure siku nzima, itarudia kung'aa.