Gesi Inapovuja: Usitegemee Geji Peke Yake

Leo tutaongea juu ya kitu tusichokiona kwa macho, nacho ni gesi inayovuja kutoka ndani ya chombo.

Chukulieni mfugaji mwenye ng'ombe wanne na mtambo wa gesi ya samadi, yaani biogesi. Jioni mama anapika, moto ni wa buluu, una nguvu kama siku zote. Asubuhi anafungua koki achemshe chai, moto hauwaki kabisa. Wenyewe wanashangaa: "Mbona jana msukumo ulikuwa wa kutosha?" Jibu ni kwamba gesi ilikuwa inavuja, ila msukumo haukuwaambia. Tuone kwa nini.

Kuna mambo mawili ya kushika. La kwanza ni msukumo, ambao mafundi wanauita presha. La pili ni nafasi ambayo kilo moja ya gesi inaikalia, yaani ujazo wa kila kilo. Gesi ikibanwa sana, kilo moja hukaa mahali padogo. Ikilegea, kilo hiyohiyo hukaa mahali pakubwa.

Tuanze na chombo kigumu, kisichotanuka wala kusinyaa. Mfano ni tangi la chuma la fundi wa pancha, lenye ujazo wa lita 100. Geji inasoma baa 3. Lakini kumbukeni, geji haihesabu msukumo wa hewa inayotuzunguka, ambao kule pwani ni karibu baa 1. Kwa hiyo msukumo kamili ndani ya tangi ni baa 4. Joto likiwa nyuzi 20 za sentigredi, humo ndani mna hewa ya gramu 475 hivi. Ukipiga hesabu, kila kilo ina nafasi ya lita 210.

Sasa vali inavuja polepole mpaka nusu ya hewa imetoka. Tangi ni lilelile la lita 100, lakini waliobaki ndani ni nusu. Ni kama darasa lenye watoto 40: wakitoka 20, kila aliyebaki anapata nafasi mara mbili. Ujazo wa kila kilo unapanda kutoka lita 210 hadi 420, na msukumo kamili unashuka kutoka baa 4 hadi 2. Kimoja kikipanda mara mbili, kingine kinashuka nusu, mradi joto ni lilelile.

Lakini tazameni geji: ilikuwa 3, sasa inasoma 1. Mtu atadhani imebaki theluthi moja, kumbe imebaki nusu. Na itakapofika sifuri, tangi halitakuwa tupu. Litakuwa bado na robo ya hewa ya mwanzo, ila haina msukumo wa kutokea nje.

Kwa hewa ya kawaida hilo halina madhara. Kwa gesi inayowaka, ndilo linaloua watu. Pipa la gesi ambalo geji yake inasoma sifuri bado limejaa gesi, na ikichanganyika na hewa, cheche moja ya mashine ya kuchomelea yatosha kulipasua. Basi pipa la biogesi likitoboka, usimwite fundi achomelee palepale mtamboni. Litolewe, lipinduliwe, lioshwe vizuri kwa maji, likae wazi lipate hewa, ndipo lipelekwe kwa fundi mbali na mtambo. Wala mtu asiingie ndani ya shimo la mtambo kwa sababu tu gesi "imekwisha". Humo anaweza kukosa hewa ya kupumua, akaanguka kabla hajaita.

Sasa turudi kwa yule mfugaji wetu. Mtambo wake ni wa pipa linaloelea juu ya tope la samadi. Mitambo ya namna hiyo, yenye asili ya India, ilianza kuenezwa na SIDO hapa Tanzania katika miaka ya 1970. Kinachoikandamiza gesi humo ni uzito wa pipa lenyewe. Pipa lenye upana wa mita 1 na nusu na uzito wa kilo 150 hutoa msukumo unaolingana na maji ya kina cha sentimita 8 na nusu hivi. Gesi ikivuja, pipa linashuka. Uzito wake haujabadilika, basi msukumo ni uleule, na ujazo wa kila kilo ni uleule. Ni kama darasa ambalo kila mtoto akitoka, ukuta unasogea ndani: waliobaki hawapati nafasi zaidi. Ndiyo maana moto wa jioni ulikuwa mzuri, na asubuhi, pipa lilipokwisha kukaa chini, ukakatika ghafla.

Kwa mtambo huo, kipimo chako ni urefu wa pipa linaloonekana juu ya tope. Jioni baada ya kupika, funga koki kuu, piga alama ya chaki kwenye pipa. Usiku samadi huendelea kutoa gesi, kwa hiyo asubuhi pipa lingepaswa kuwa limepanda. Baridi ya usiku huweza kulishusha kidogo, lakini likishuka sana, tafuta tundu.

Mtambo wa kuba lililojengwa ardhini, ambao CAMARTEC ya Arusha waliueneza tangu miaka ya 1980, una tabia nyingine. Gesi ikipungua, tope lililosukumwa kwenye tangi la nje hurudi ndani, na msukumo hushuka. Hapo geji ya maji inakusaidia.

Na mtungi wa gesi ya dukani je? Humo ndani gesi nyingi imekaa kama maji. Ikitoka kidogo, maji hayo huchemka na kujaza pengo, kama foleni ya watoto mlangoni: akitoka mmoja, mwingine anaingia. Msukumo hukaa karibu uleule mpaka maji yaishe, ndipo hushuka upesi. Hivyo geji haikwambii kilichobaki. Pima mtungi kwa mizani, toa uzito wa chuma ulioandikwa juu yake. Kinachobaki ndiyo gesi yako. Uzito ukipungua siku ambazo hukupika, mtungi unavuja. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni. Ukisikia harufu, usiwashe wala kuzima taa. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, toka nje.

Kutafuta tundu, tumia povu la sabuni, ndugu zangu, kamwe si kiberiti. Paka kwenye viungo, koki na mpira wa kupitishia gesi. Mapovu yakizidi kuvimba mahali, ndipo penye tundu. Kwa tangi la upepo, soma geji asubuhi mbili mfululizo saa ileile, maana jua la mchana hupandisha msukumo na kuficha kinachovuja.

Basi kabla ya kulala leo, mwenye pipa apige alama ya chaki, na mwenye mtungi aupime.