Mama akivunjika kwa kuteleza, P.O.P pekee haitoshi

Mpanda. Mama wa miaka 65 anateleza uani, anaangukia mkono, mfupa unavunjika. Anafungwa P.O.P, wiki kadhaa baadaye inatolewa, na nyumbani wote wanasema, "Ni uzee tu." Suala linafungwa hapo, wakati ugonjwa wenyewe haujaguswa.

Mwanamke aliyekoma hedhi akivunjika kwa kuanguka kidogo tu, huenda ana udhaifu wa mifupa, yaani osteoporosisi. Hedhi ikikoma, homoni ya estrojeni hupungua na mfupa huliwa haraka kuliko unavyojengwa. Hauumi, hivyo wengi huugundua siku ya kuvunjika. Anayevunjika mkono leo yumo hatarini kuvunjika nyonga baadaye, na wengi wanaovunjika nyonga hawarudi kutembea kama zamani.

Kipimo cha uzito wa mifupa, DEXA, hakipo kila hospitali. Hata hivyo, aliyevunjika nyonga au pingili ya mgongo kwa kuanguka kidogo anaweza kuanzishiwa dawa bila kukisubiri. Kwa aliyevunjika mkono, daktari hupima hatari kwa umri, historia ya familia na dawa anazotumia, hasa za steroidi. Iwe Mpanda mjini, Inyonga au Karema, uliza: "Daktari, mbali na kuunga mfupa, mama atatibiwa udhaifu wa mifupa?"

Dawa inayotumika sana ni alendronati, miligramu 70 mara moja kwa wiki. Humezwa asubuhi kabla ya kula, kwa glasi nzima ya maji, si chai. Kisha mama akae wima nusu saa bila kulala wala kula, isije ikamchoma koo. Mwenye figo zilizodhoofika sana haimfai. Ipo pia sindano ya asidi ya zoledroniki, mara moja kwa mwaka.

Chakula husaidia dawa, hakichukui nafasi yake. Mwanamke wa zaidi ya miaka 50 anahitaji takriban miligramu 1,200 za kalsiamu kwa siku. Dagaa wa Ziwa Tanganyika wanaoliwa na mifupa yao, pamoja na maziwa, ni vyanzo vizuri.

Nyumbani, mwekee mama taa njia ya chooni, ondoa ndoo na kamba njiani, na umhimize kutembea kila siku.