Kuboronga: Maana ya Kitenzi na Suala la Dhamana



Kiswahili kina vitenzi vingi vinavyotaja uendeshaji mbaya wa mambo: haribu, vuruga, boronga, fuja, tapanya, badhiri. Katika mazungumzo ya kila siku vitenzi hivi huchukuliwa kuwa visawe. Kusudio la mhadhara huu ni kuonyesha kwamba boronga kina maana yake mahususi, na kwamba maana hiyo inamhusu kila raia anayetaka kujua nani awajibike.

Tuanze na haribu, ambacho ndicho kipana zaidi. Twaweza kusema "Mvua imeharibu barabara", lakini mjuzi wa lugha hasemi "Mvua imeboronga barabara". Vilevile, mpita njia akiubomoa ukuta, ameuharibu; fundi aliyeujenga ukapinda ndiye aliyeboronga. Hivyo basi, boronga kinadai mtenda ambaye ni mtu na, zaidi ya hayo, mtu aliyekabidhiwa kazi au aliyejitwika mwenyewe. Mwanafunzi huboronga mtihani, mpishi huboronga pilau, timu huboronga ugenini. Kila mmoja wao alitarajiwa kuweza. Pasipo dhamana hakuna kuboronga.

Fuja, tapanya na badhiri huelekea zaidi kwenye mali. "Kufuja fedha" ni usemi wa kawaida. "Kuboronga fedha" hukwaza sikio. Badhiri kina asili ya Kiarabu, ambamo mzizi wake unahusiana na kutawanya mbegu, na tapanya nacho kimetoka kwenye maana ya kutawanya hadi kwenye ile ya kutumia ovyo. Hujumu, ambacho nchini Tanzania kilipewa uzito wa kisheria na Sheria ya Uhujumu Uchumi ya mwaka 1983, hubeba nia ovu. Boronga hakisemi lolote kuhusu nia. Anayeboronga aweza kuwa mwaminifu kabisa, asitie hata senti moja mfukoni. Kilichokosekana ni ujuzi au uangalifu.

Kwa sababu hakimtuhumu mtu wizi, kitenzi hiki huonekana chepesi, hata cha mzaha. Wepesi huo unapotosha. Zahanati iliyoishiwa dawa kwa kuwa maombi yalicheleweshwa huwaumiza wagonjwa sawasawa na ile ambayo dawa zake zimeibwa. Wahenga walilitambua hilo waliposema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii haimtaji mwizi. Inachokitaja ni daftari ambalo halikuwekwa.

Aidha, kauli za kitenzi zina nafasi yake katika jambo hili. Katika kauli ya kutendwa twasema "Mradi umeborongwa", na msikilizaji ana haki ya kuuliza, "Na nani?" Katika kauli ya kutendeka twasema "Mradi umeborongeka", na hapo mlango umefungwa, kwani tungo "Mradi umeborongeka na mkandarasi" haikubaliki kisarufi. Si ajabu kwamba taarifa nyingi za ofisini huipenda kauli hii: mipango imevurugika, mitambo imeharibika. Hakuna uongo uliosemwa, ila mtenda ametoweka.

Si kazi ya mwanaisimu kuwahukumu viongozi au mafundi. Kazi yake ni kueleza maneno yanabeba nini. Kwa msingi huo, fasili ya boronga inayotosheka na "haribu" au "vuruga" ina upungufu. Tunapendekeza ifasiliwe hivi: kufanya vibaya, kwa kukosa ujuzi au uangalifu, kazi ambayo mtu amekabidhiwa au amejitwika. Fasili hiyo itamkumbusha mtumiaji wa kamusi kwamba, kila panaposemwa kuwa mambo yameborongwa, yupo aliyepewa dhamana na wapo waliomwamini.