HP ya ku moteri: nguvu ya farasi ni kusema nini?

Wandugu wa koperative, mara nyingi munatuuliza: HP yenye kuandikwa ku moteri ni nini? Ni neno la Kiingereza, maana yake nguvu ya farasi. Mu karne ya 18, James Watt alipima kazi ya farasi ili wanunuzi wafahamu nguvu ya mashini zake za mvuke. HP 1 ni wati 746. CV ya Wafaransa ni wati 736, karibu sawa. Basi moteri ya HP 10 inatoa karibu kilowati 7,5.

Mbele ya kulipa, tuangalie kwanza nguvu ambayo kinu kinaomba. Moteri ndogo itapata moto na kuharibika mbio; kubwa kupita kiasi itakula mazutu bure, na hasara ni yetu wote.