Kipigo cha Utotoni na Ulevi wa Ukubwani

Msimu wa korosho unapofika Nachingwea na Ruangwa, mabibo huwa mengi, na uraka na gongo navyo huwa vingi. Wanywaji tunawajua, na tusifichane, baadhi yao wana majina kama yetu na wametoka katika nyumba kama zetu. Tukimkuta mmoja amelala njiani wakati wa Alfajiri, hukumu yetu ni moja tu: hana imani. Leo tunakuomba uongeze swali jingine: huyu alilelewaje?

Kwamba ulevi ni haramu hilo halina mjadala, tumelisoma katika Suratul Maida tangu chuoni. Lakini kwa nini vijana wawili waonje gongo siku moja, mmoja aiache na mwingine ashindwe? Sababu ni nyingi, ikiwemo kurithi katika ukoo. Inayosahaulika ni mateso ya utotoni: kupigwa hadi kuumizwa, kutukanwa kila siku, kuingiliwa kimwili, kutelekezwa, au kumshuhudia mama akipigwa.

Mwaka 1998 madaktari Vincent Felitti na Robert Anda wa Marekani walichapisha utafiti uliohusisha maelfu ya watu wazima. Waliopitia aina nne au zaidi za mateso hayo walikuwa katika hatari ya ulevi, dawa za kulevya, sonona na kujaribu kujiua mara 4 hadi 12 kuliko wasiopitia hata moja. Na usidhani hayo ni ya Wazungu. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009, matokeo yake yakatolewa 2011, ulionyesha kuwa karibu robo tatu ya vijana, wa kike kwa wa kiume, walipigwa ngumi, mateke au mijeledi, au walitishiwa silaha, kabla ya kutimiza miaka 18. Wasichana karibu 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walifanyiwa ukatili wa kingono.

Sasa tuutazame ubongo. Ndani yake, kila upande, kuna kijisehemu kinachokaribia ukubwa wa korosho iliyobanguliwa. Kazi yake ni kupiga mbiu ya hatari. Jirani yake kuna sehemu inayotunza kumbukumbu na kusaidia kuituliza mbiu hiyo. Mbele, nyuma ya paji la uso, ipo sehemu inayomwambia mtu "subiri, fikiri kwanza", nayo haikomai mpaka umri wa miaka ishirini na kitu.

Mtoto akiona nyoka, mwili humwaga homoni iitwayo kotisoli, akakimbia, kisha akatulia. Je, kama nyoka mwenyewe ni baba anayerudi nyumbani kila usiku? Homoni haipati nafasi ya kushuka, na ubongo unaokua hujijenga kwa ajili ya vita. Picha za MRI za watu wazima walioteswa utotoni mara nyingi huonyesha sehemu ya kumbukumbu imepungua ujazo, ile ya mbele ni nyembamba, na mbiu inalia kwa jambo dogo.

Mtu huyu akinywa kikombe cha kwanza, mbiu inanyamaza. Kwake yeye ile ni dawa! Ila ni ya saa chache, na pombe yenyewe inazisinyaza sehemu zilezile. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2014 uliwafuatilia watu waliotibiwa uraibu, ukiwemo wa pombe. Walioteswa utotoni walikuwa na upungufu katika sehemu hizo, na upungufu huo uliambatana na kurudia ulevi kwa ukali zaidi.

Hii haina maana kwamba kila aliyepigwa atakuwa mlevi. Wengi hawawi, hasa aliyekuwa na bibi, mjomba au ustadhi wa kumkimbilia. Wala ubongo si jiwe: mtu akiacha pombe kwa miezi kadhaa, sehemu ya ujazo uliopotea hurejea.

Lakini jihadharini. Zipo familia zinazomfungia ndani mlevi wa kila siku ili Ramadhani imkute msafi. Akikatishwa ghafla, katika siku 2 au 3 za kwanza anaweza kutetemeka, kuweweseka, kupata mishtuko kama ya kifafa, hata kufa. Mpelekeni hospitali.

Kwa watoto walioko nyumbani sasa, Al-Aqra' bin Habis aliposema ana watoto kumi na hajambusu hata mmoja, Mtume (SAW) alimjibu kwa kumkumbusha huruma. Walimu wenzangu wa madrasa, bakora nazo tuzitazame. Mtoto anayeumizwa anaweza kusaidiwa kupitia simu namba 116, afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, au dawati la jinsia na watoto polisi.

Na mkimleta mgonjwa wa pombe kwetu, mtuambie anakunywa kiasi gani na mara ya mwisho ilikuwa lini. Akianza kusimulia ya utotoni, msimkatize, hata kama anayemtaja ni mzee mnayemheshimu.