Mmea wa Kuhama Nao

Familia ya askari hupanda mwembe, na kabla haujazaa amri ya uhamisho hufika. Maembe yakaliwa na wengine. Basi mpenda majani mabichi na aoteshe pothosi, mmea utambaao wenye majani ya umbo la moyo na madoa ya manjano, ambao asili yake ni kisiwa cha Moorea katika Bahari ya Pasifiki. Kwao hupanda miti mirefu. Chumbani hutosheka na mkebe na kamba.

Kata kipande cha shina chini kidogo ya kifundo, kwani mizizi hutoka kifundoni. Jani pekee hukaa bichi siku nyingi bila kuchipua, likakudanganya. Kifundo kikae ndani ya chupa ya maji; mizizi ikirefuka, hamishia katika mkebe uliotobolewa chini. Weka karibu na dirisha, mbali na jua kali, wala usimwagilie mpaka udongo wa juu ukauke. Wengi huuangamiza kwa wema, wakiunywesha asubuhi na jioni hata mizizi ikaoza.

Wapo wauachao chupani daima. Hao na wabadilishe maji kila juma na kuisugua chupa ndani, maana mayai ya mbu waenezao homa ya dengi hunata ukutani mwake. Tena utomvu wake huwasha vikali midomo na ulimi: mtoto atambaaye asiufikie.

Siku ya kufunga mizigo, kata kipande chenye vifundo viwili, ukizungushie kitambaa chenye unyevu. Wangu umekwisha kupita vituo vitatu.