Tufungue Mlango wa Pili wa Skuli

Tarehe 23 Septemba 1964, miezi michache tu baada ya Mapinduzi, ilitangazwa katika Visiwa vyetu kwamba elimu itatolewa bila ya malipo kwa kila mtoto, awe wa shamba au wa mjini, wa tajiri au wa maskini. Kwa tangazo lile swali kubwa la wakati ule, nani aingie skuli, lilipata jawabu lake. Lakini kuna swali la pili ambalo kila mwalimu mkuu analijua, na ambalo mpaka leo hatujalijibu kwa ukamilifu: katika wale walioingia, nani hubaki mpaka mwisho?

Yeyote mwenye kutaka kulichungua jambo hili na aende katika skuli yoyote ya sekondari ya pwani au ya shamba, aombe daftari la mahudhurio la kidato cha pili, alisome taratibu kama mtu anavyosoma barua. Ataona jina la kijana ambalo mwezi wa mwanzo lina alama kila siku. Mwezi wa pili zimeingia siku mbili tatu tupu. Mwezi wa nne ni wiki nzima. Halafu jina lenyewe linakatwa kwa mstari wa wino. Mwanafunzi haachi skuli kwa siku moja. Huondoka kidogo kidogo, mbele ya macho yetu, na daftari linatuambia mapema. Sisi ndio tusiosikia.

Wanakwenda wapi vijana hawa? Hatuna haja ya kubahatisha, kwani ni watoto wetu na tunawaona. Wapo wanaokwenda baharini. Wavuvi wa Kojani, kile kisiwa kidogo kilichoko upande wa mashariki wa Pemba, wanajulikana pwani nzima kwa kwenda dago, na baba anapohama na nyavu zake kwa miezi kadhaa, mara nyingi mtoto wa kiume humfuata. Wapo wanaokwenda katika mikarafuu msimu unapofika, kwa sababu mchumaji hulipwa kwa kipimo cha alichochuma na jikoni kwao panangojewa malipo hayo. Tangu kilimo cha mwani kilipoanza kwa biashara katika pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, wapo watoto wa kike wanaowasaidia mama zao kufunga na kuvuna. Wapo walioitwa na kazi ndogo ndogo za mahotelini na ufukweni. Wapo walioozwa, na wapo waliopata mimba wakaona haya kurudi. Wapo pia ambao hawakuitwa na kazi yoyote, bali walishindwa na masomo yanayogeuka ghafla kuwa ya Kiingereza, wakakaa nyuma ya darasa bila ya kuuliza neno, mpaka siku moja wakaona afadhali wasije tena.

Ni desturi yetu, linapotajwa jambo hili, kuwalaumu wazazi kwa uzembe na vijana kwa utoro. Lawama hizo si za uongo zote. Lakini hebu tulitazame suala la saa. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Katika siku hizo maji yetu hujaa alfajiri na alasiri, na hukupwa sana baina ya saa tatu na saa sita za asubuhi. Hizo ndizo saa za kuingia katika mwani, kwa sababu siku za maji mafu bahari hairudi nyuma vya kutosha. Na hizo ndizo saa ambazo mwalimu wa hesabati amesimama mbele ya ubao. Mtoto yuleyule anatakiwa na mama yake awe ufukweni na anatakiwa na Serikali awe darasani, kwa saa moja, siku zilezile, kila nusu ya mwezi. Hakuna kiumbe awezaye kuwa mahala pawili. Mwezi na maji havibadiliki kwa amri ya mtu. Ratiba ya skuli ndiyo iliyopangwa na watu, nayo yaweza kupangwa upya.

Tena si jambo geni kwetu kuipinda ratiba. Kwa miaka mingi skuli zetu zilikwenda kwa mikondo miwili, wengine wakisoma asubuhi na wengine mchana, kwa sababu vyumba havikutosha. Hakuna aliyesema wakati ule kwamba kusoma mchana kumevunja heshima ya elimu. Ikiwa tuliweza kuipinda saa kwa ajili ya uhaba wa vyumba, tutashindwaje kuipinda kwa ajili ya kumwokoa mtoto?

Wengi wetu, kabla ya kukaa katika dawati la skuli, tulikaa juu ya mkeka wa chuoni. Chuoni hapakuwa na kidato. Mmoja alikuwa katika alifu na be, wa pili yuko katika Amma, wa tatu keshafika Tabaraka, na wote wako chini ya mwalimu mmoja. Aliyekwenda dago na baba yake, aliporejea, hakuambiwa kwamba nafasi yake imekwisha. Alifunua palepale alipoachia akaendelea, na siku ya kuhitimu hakuna aliyemuuliza alikawia wapi. Hatusemi kwamba chuo kilikuwa hakina kasoro. Bakora yake tunaikumbuka. Lakini kilikuwa na hekima hii moja ambayo skuli zetu hazinayo: kilimngojea mwanafunzi. Skuli, kinyume chake, ni kama jahazi lenye saa yake ya kung'oa nanga. Aliyechelewa hubaki gatini akilitazama tanga.

Ni haki kusema kwamba hatuanzi patupu. Mwaka 1970, Mwalimu Nyerere alipoutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, nchi nzima ilijifunza kwamba mtu aweza kusoma chini ya mwembe, jioni, akitoka kazini. Huko Bara, mwishoni mwa miaka ya 1990, ulianzishwa mpango wa MEMKWA kwa watoto waliokosa elimu ya msingi, ukiwapanga kwa umri, wa miaka 11 hadi 13 mbali na wa miaka 14 hadi 18. Hapa kwetu Wizara ya Elimu inayo idara ya elimu mbadala na watu wazima, na kituo cha Rahaleo mjini Unguja kimewapokea vijana walioacha skuli, kikawapa masomo pamoja na kazi za mikono. Kadhalika, tangu mwaka 2010 Visiwa vyetu vimemruhusu msichana aliyejifungua kurudi kusoma, jambo ambalo kwa upande wa Bara lilitangazwa Novemba 2021. Tulitangulia, na tuna haki ya kujivunia.

Lakini mipango hii yote, pamoja na wema wake, humsubiri mtoto nje ya mlango baada ya kwisha kutoka. Mpaka apatikane, ashawishiwe na asajiliwe upya, pengine miaka miwili mitatu imepita. Wa kiume keshazoea fedha ya kila siku, na wa kike ana mtoto wa pili. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Tunalolitaka sisi ni mpango wa kumkamata mwanafunzi angali ndani, yaani kila skuli ya sekondari iliyo katika maeneo ya uvuvi, ya mwani na ya karafuu iwe na mlango wa pili: darasa mbadala lililo chini ya mwalimu mkuu yuleyule, katika majengo yaleyale, kwa mtaala uleule, ila kwa saa nyingine na kwa mwendo mwingine.

Darasa hilo tunaliona hivi. Kwanza, ratiba yake ipangwe kila mwaka na walimu pamoja na wazazi, kalenda ya maji na ya misimu ikiwa juu ya meza. Siku za bamvua masomo yawe alasiri, na wakati wa karafuu yapunguzwe, kisha yafidiwe baadaye. Jambo hili si ndoto. Huko Bangladesh, jumuiya ya BRAC ilianza mwaka 1985 na skuli 22 tu za vijijini, zenye chumba kimoja na watoto wapatao 30, saa za masomo zikipangwa kwa kushauriana na wazazi, na skuli hizo zikaenea zikawa maelfu. Zilikuwa za msingi, na zetu ni za sekondari, lakini funzo ni lilelile.

Pili, masomo yagawiwe katika mafungu mafupi, kila fungu likiwa na mtihani wake, ili aliyekwenda dago baada ya kumaliza fungu la tatu akirudi aanzie la nne, badala ya kurudishwa mwanzo wa mwaka pamoja na watoto wadogo wanaomcheka. Tatu, daftari la mahudhurio lipewe ulimi. Mwanafunzi akikosa siku kumi katika mwezi mmoja, mwalimu wa darasa, sheha na mzazi wakae pamoja kabla ya wiki kwisha, si kwa kutishana, bali kwa kuulizana: ni njaa, ni kazi, ni maradhi au ni Kiingereza? Nne, pawe na mahala pa kumlaza mtoto mchanga na mtu wa kumwangalia, kwani ruhusa ya kurudi skuli pasipo na wa kumshika mtoto ni ruhusa ya karatasi. Tano, vituo vya mafunzo ya amali, kama vile Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji, vifungamane na madarasa haya, ili kijana anayejua kutega nyavu ajifunze pia kutengeneza mashine ya boti, na anayefunga mwani ajifunze kuutengeneza na kuuuza kwa hesabu zake mwenyewe.

Tunajua yatakayosemwa. Watasema wengine kwamba tunahalalisha ajira ya watoto. La hasha. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2011 ipo, na anayemtumikisha mtoto kwa kumdhulumu afikishwe panapostahiki. Lakini kijana wa miaka 16 anayemsaidia mama yake kwa saa tatu hazuiliki kwa karipio, na leo anapokosa darasa humwambia mwalimu uongo kwamba alikuwa na homa. Afadhali saa hizo zijulikane, zipimwe na ziwekewe mpaka, kuliko kufichwa. Darasa hili lisiwe kisingizio cha kumtoa mtoto wa msingi katika masomo yake ya asubuhi, wala la kumpeleka mwanafunzi ambaye mwalimu amemchoka tu.

Watasema wengine kuwa hii itakuwa skuli ya watu wa daraja la pili. Hofu hii ni ya kweli, na ndiyo inayoweza kuuvunja mpango mzima. Dawa yake ni moja: mtihani uwe mmoja na cheti kiwe kimoja. Mwanafunzi wa mlango wa pili akifanya mtihani uleule wa kidato cha nne, kwa swali lilelile na saa ileile, hakuna mwajiri mwenye haki ya kumuuliza aliingilia mlango gani. Na ofisi za Serikali ziwe za kwanza kuonyesha mfano.

Na kuhusu fedha, tunasema kwa maofisa wetu kwa heshima: gharama zipo, za posho ya mwalimu anayebaki mpaka magharibi, za taa na za vitabu. Lakini chumba kipo, dawati lipo na ubao upo, na jioni popo ndio wanaovitumia. Tuanze na skuli chache, Unguja na Pemba, tuone, turekebishe, kisha tupanue. Mpango uliobuniwa juu ya karatasi mjini na kupelekwa Kojani bila ya kuwauliza Wakojani utakufa kabla ya mvua za masika.

Kwa wazazi wenzetu tunasema hili. Ikiwa skuli itakubali kusogea kukufuateni mlipo, nanyi sogeeni. Saa ya mwani ikisha, mtoto asipewe kazi ya pili. Msimu wa karafuu ukisha, asitafutiwe msimu mwengine. Na kwa wa kike tuwe waangalifu zaidi, kwani mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kuitwa nyumbani na wa mwisho kuruhusiwa kurudi.

Ahadi ya mwaka 1964 haikuwa ahadi ya kumfikisha mtoto mlangoni tu. Ilikuwa ahadi ya elimu, na elimu haipatikani kwa kuandikishwa. Kesho asubuhi, maji yatakapokupwa, kuna mtoto atakayesimama ufukweni akiwa na kamba ya mwani mkononi, na kengele ya skuli ataisikia. Kengele hiyo isiwe inamwambia kwamba kachelewa. Imwambie kwamba alasiri anangojewa.